Mkato wa Nne

Mtaa mzima ulimwita Mama Gundi, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana vidole vyake vilijibu. Kila ncha ilikuwa na ganda la gundi iliyokauka. Ukimpa mkono asubuhi, unaondoka na kipande chake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vipande vya mti vya kutengenezea kalamu, vya pande nne, urefu wa kiganja, vyeusi vyenye nakshi nyeupe iliyopachikwa ndani. Akimaliza, alimpelekea Fundi Kereza, jirani wa nyumba ya tatu, naye akavitoboa katikati na kuvizungusha kwenye mashine yake mpaka vikawa kalamu. Watu wakiishika kalamu walimsifu Fundi Kereza. Mama Gundi alikwishazoea.

Ufundi huo alifundishwa na mumewe, Bwana Nyuzi. Jina hilo lilimkaa vizuri, maana hata mkate hakuweza kuukata bila kuutega kwa pembe ya nyuzi arobaini na tano. "Mke wangu," alikuwa akisema, "kata mshazari upande wa kwanza, lakini usifike mwisho. Acha unene wa ukucha, nusu mbili ziendelee kushikana." Kwenye mkato unapachika ukanda mwembamba wa mti mweupe, unatia gundi, unabana, unasubiri kesho. Kesho unageuza upande wa pili. Siku nne, mikato minne, na kikishakerezwa zile kanda zinapitana kama kamba iliyosukwa, huoni ilikoanzia wala inakoishia. Bila mkato wa nne una mistari tu.

Miaka sita nyuma Bwana Nyuzi alipata kibarua cha mbali, cha kupaka rangi majengo. Siku ya kuondoka gari lilimkuta mezani na kipande kimoja, mikato mitatu tayari, gundi ya wa tatu bado mbichi. "Wa nne nitaukata nikirudi," akasema. "Usikiguse hicho." Akapanda gari na vumbi la mti mpaka kwenye nyusi.

Miaka sita, jamani! Mama Gundi alitengeneza vipande visivyo na idadi, lakini kile hakukigusa. Kilikaa dirishani, naye alikipangusa kila alipofagia. Alimtamani mumewe wala hakuona haya kusema. Alitamani kikohozi chake, ubishi wake, hata lile vumbi alilolimwaga kila mahali huku yeye akimfuata na ufagio akilalama, "Mimi nimeolewa na msumeno!" Sasa upande wa meza wa mumewe ulikuwa safi siku zote, na usafi ule ulimuuma.

Kwenye simu mambo yalikuwa yale yale. "Tumelala wanaume wanane chumba kimoja, mke wangu. Hata pa kuweka sufuria hakuna. Mwakani nakuja." Mwakani ikifika, inasogea mbele.

Hatimaye akachoka. Asubuhi moja alikishusha kile kipande, akakitega kwenye kibao cha mshazari, akakata mkato wa nne mwenyewe. Aliacha unene wa ukucha. Hakupachika ukanda, aliuacha ule mkato wazi, akakifunga kwenye kitambaa, akampa shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa lori aliyepita mji aliko kaka yake kila baada ya miezi michache.

"Mwambie nimemkatia. Ukanda na gundi viko hapa, juu ya meza yake. Aje azibe."

"Shemeji, si ungempigia simu tu?"

"Simu haina gundi. Peleka."

Miezi mitatu ilipita. Siku lori liliponguruma nje, upande ule wa meza ulikuwa na ukanda mweupe uliopigwa msasa, chupa mpya ya gundi na aproni iliyofuliwa. Mama Gundi alitoka mbio na kusimama akiutazama mlango wa abiria. Haukufunguka. Shemeji alishuka peke yake na kile kitambaa mkononi.

Alimkaribisha chai, kisha akakifungua. Mkato ulikuwa umezibwa. Ukanda ulikuwa wa mti wa manjano, mti asioujua, na mistari yote minne ilikutana kwenye pembe bila kupishana hata kidogo. Alipitisha ukucha kwenye kiungo, ukucha haukukwama.

"Kazi safi," shemeji akasema.

"Safi mno. Heri angeiharibu."

Kwani yeye si mgeni wa kazi ile. Ukanda kama ule hauchanwi mtu akiwa amekaa kitandani. Unataka meza isiyotikisika, jiliwa la kubania, msumeno wa meno madogo, na mahali ambapo kipande kitalala mpaka kesho bila mtu kukigusa. Wanaume wanane chumba kimoja hawana mahali hapo.

"Shemeji, ana meza?"

Shemeji akapeleka mdomoni kikombe kilichokwisha kuwa kitupu. "Anayo."

"Iko wapi?"

"Barazani."

Mama Gundi akatikisa kichwa polepole. Mtu mwenye baraza ana nyumba. Bado swali moja lilikuwa limebaki.

"Na vumbi lake," akauliza, "anafagia nani?"

Shemeji aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu mwema, na uongo haukumjia upesi. "Nisamehe, shemeji," akasema.

Mama Gundi alimsindikiza mpaka kwenye lori, akamtakia safari njema. Machozi yalimtoka baadaye, akiwa amekaa upande wa meza wa mumewe, akalia mpaka aproni ile safi ikalowa. Kisha akanawa uso, akakipeleka kile kipande kwa Fundi Kereza.

"Hiki si kile cha mwenyewe?" Fundi Kereza akashangaa. "Ulisema kisiguswe mpaka arudi."

"Kimekwisha. Kitoboe."

Mashine ikazunguka. Pande nne zikaliwa, na kanda zikaanza kupitana, tatu nyeupe na moja ya manjano, nzuri kiasi kwamba Fundi Kereza alipiga mluzi. Mama Gundi hakutazama kalamu. Alitazama sakafu, ambako vumbi jeusi, jeupe na la manjano lilikuwa likitua karibu na miguu yake.

"Ufagio uko wapi?"

"Acha, Mama Gundi, nitafagia mwenyewe."

"Nipe," akasema. "Hili nafagia mimi."