Farao Wanjiku

Juzi, katika duka la vitabu sokoni Al-Dirah, niliona tena nakala ya kile kitabu cha mafarao cha utotoni mwangu. Baba, aliyekuwa dereva Jeddah, alikiazima kwa bosi wake alasiri moja, akirudishe jioni. Kilinukia ubani. Orodha ya ukoo wa kifalme wa kumi na nne ilijaa nafasi tupu. Niliuchukia uvivu wa mwandishi, nikazijaza kwa wino majina ya majirani zetu.

“Wee! Farao Wanjiku? Bosi atanifuta kazi!”

“Lakini baba, sasa imekamilika.”

Alisugua kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka. Leo najua mwandishi hakuwa mvivu: karatasi ya kale yenye orodha hiyo ilichanika, majina yakapotea. Siku ile nililia, na si kwa ajili ya kazi yake, Mungu anisamehe. Nililia kwa sababu ya lile tundu.