Wapishi wa Tumboni

Mtaa mzima ulimwita Mama Maganda, naye aliitika bila kinyongo. Kila asubuhi alipita mlango kwa mlango na gunia lake, akiomba maganda ya maharage, ya ndizi, magunzi ya mahindi, chochote ambacho wengine walikuwa wakitupa jalalani, apate kumlisha mbuzi wake. Aliyeona aibu ni mumewe, fundi cherehani mstaafu. Akiitwa Baba Maganda, alijifanya hasikii.

Mbuzi mwenyewe alikuwa mmoja tu, mwenye mimba kubwa, aliyelelewa kwa chupa baada ya kufiwa na mamake. Mama Maganda alimkatiakatia maganda makavu, akayachanganya na majani mabichi ya kunde, maana makavu matupu hukawia tumboni.

"Mimi simlishi mbuzi," alizoea kusema. "Nawalisha wapishi wake."

Wapishi hao ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakazi wa tumbo la kwanza kati ya manne ya mbuzi, ndio wanaolainisha yaliyo magumu. Kila jioni aliweka sikio ubavuni mwa mbuzi, akasikia mngurumo wao, akaridhika.

Basi akaenda kumjulia hali dadake. Huku nyuma fundi akaona uchungu, mjamzito kulishwa takataka! Akamjazia beseni mahindi yaliyoparazwa. Mbuzi akafagia yote, na fundi kwa furaha akamwongezea.

Mama Maganda aliporudi alimkuta mbuzi amelala, ubavu wa kushoto umetuna, hacheui. Akaweka sikio. Kimya.

"Umempa nini?"

"Mahindi, mke wangu. Nilimwonea huruma."

"Huruma gani hiyo! Wapishi wamezoea magumu, wewe unawamwagia wanga ghafla. Tumbo limechacha. Akifa huyu, sijui nitakutazamaje."

Alikoroga magadi kidogo kwenye maji, akamnywesha polepole, akamwekea nyasi kavu tu. Wakamtembeza uani, fundi akisukuma kwa nyuma na kubembeleza, "Nisamehe, mama, nisamehe." Wakamkanda ubavu kwa zamu hadi mikono ikafa ganzi.

Asubuhi alimkuta mumewe amepiga magoti bandani, sikio ubavuni.

"Njoo usikie! Wamerudi kazini!"

Mbuzi akageuka, akampigia mbweu nzito usoni, kisha akaanza kucheua. Mama Maganda alicheka huku machozi yakimtoka.

Alipomaliza kunawa uso, gunia halikuwepo kwenye msumari wake. Ng'ambo ya ua akasikia hodi kwa jirani.

"Nani?"

"Baba Maganda," ilijibu sauti ya mumewe. "Mna chochote cha kutupa?"