Gamba la Mgomba kwenye Kufuli la Kiti

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika gereji ya Kayanga nimevaa viatu nilivyovaa siku ya kipaimara, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, na Fundi Mkuu akavitazama viatu kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akaniamuru nikae kiti cha nyuma cha gari moja la stesheni, yale marefu yenye mlango wa nyuma. Akaendesha mwenyewe hadi Ihanda na kurudi, katika barabara ya vumbi iliyochimbwa na mvua, bila kusema neno. Tuliporudi akazima injini akauliza nimesikia nini.

Nikajibu kwamba nimesikia injini. Akanirudisha Ihanda.

Safari ya pili nilitega sikio, na nyuma ya bega langu la kushoto nikasikia chuma kikigonga chuma, taka taka taka, kila tulipopita shimo. Nilipomwambia, akasema hicho ndicho nitakachoshughulika nacho. Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi wa viti, na nikabaki fundi wa viti karibu miaka arobaini. Wenzangu walifungua injini wakatoka weusi hadi kwenye nyusi. Mimi nilitoka na makombo ya karanga magotini, wakanicheka, nami nikazoea.

Nieleze kifaa chenyewe, maana wengi wanakalia kiti bila kujua kinashikwa na nini. Kiti cha nyuma cha stesheni hukunjwa ili kupata nafasi ya mizigo. Chini kina bawaba, na juu, kila upande, kina kufuli. Ndani ya kufuli mna ndoano, na ndoano hiyo inang'ata chuma kilichopinda kilichofungwa kwenye bodi ya gari. Sisi tulikiita kidole. Ukivuta kishikio kilicho juu ya mgongo wa kiti, waya unavuta ndoano, ndoano inaachia kidole, kiti kinalala. Ni hivyo tu. Lakini gari likizeeka ndoano inalika, waya unalegea, uchafu unajaa, na kiti kinagoma. Mwenye gari anavuta kishikio kwa hasira mpaka kinambaki mkononi, ndipo anatuletea.

Fundi Mkuu hakuwa msemaji, lakini jambo moja alilirudia mpaka nikaliota. "Ukikivuta kinabana," aliniambia. "Ndoano imelaliwa na uzito wote wa kiti, wewe unaizidishia. Kisukume kwanza nyuma, ipate nafasi, ndipo uvute taratibu."

Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi: bega kwenye mgongo wa kiti, mkono mmoja kwenye kishikio, anasukuma kana kwamba anataka kukikwamisha zaidi, halafu ghafla kiti kinalala chenyewe. Kama hilo lilishindikana, tulizunguka nyuma, tukabandua plastiki ya ubavuni, tukasafisha kufuli kwa brashi na mafuta ya taa, na kulifungua kwa bisibisi nyembamba. Mtaimbo haukuruhusiwa kukaribia kiti. Nimetoa kwenye makufuli yale maharage yaliyoanza kuota, shanga za rozari, mabawa ya senene, na kuliko vyote nimetoa akamwani, ile kahawa kavu ambayo mgeni wa kwetu hupewa atafune. Mgeni anawekewa mbili tatu kiganjani, anapanda gari, anasinzia, na kahawa inatumbukia kwenye mpenyo wa kiti.

Baada ya miaka sita nikahamia Nkwenda. Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Karakana ya pale ilihudumia magari ya kahawa na ya watumishi, na mkuu wake alikuwa mwanamke. Sote tulimwita Bibi Msimamizi. Wazazi wake walitoka Burundi wakaja kufanya vibarua vya shamba, naye akakua akitengeneza baiskeli za majirani kabla ya kufikia magari. Alivaa gambuti masika na kiangazi, na alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yako bila hata kukohoa.

Pale Nkwenda ndipo nilipobuni kitu nilichokiona cha maana sana. Magari yetu yalikuwa makuukuu na kila kiti kilipiga ile taka taka, kwa sababu ndoano iliyolika inacheza kwenye kidole. Vipuri vilikuwa haba. Basi nikachukua ukambaa wa gamba kavu la mgomba, lile ambalo kila nyumba ya kwetu hufungia mizigo, nikauchovya kwenye grisi, nikauzungusha kwenye kidole na kuufunga kwa fundo la mama yangu. Yeye alilitumia kufunga mafurushi ya maharage: mizunguko miwili, kisha ncha inarudishwa ndani isionekane. Kiti kikanyamaza kabisa. Nilijisikia daktari.

Bibi Msimamizi alinikuta nikimaliza. Aliuchomoa ukambaa, akaugeuza vidoleni, akauliza utakuwaje ukilowa. Nikamjibu, kwa adabu ya mdomoni tu, kwamba ndani ya gari hainyeshi.

"Mvua haiingii," akasema. "Rubisi inaingia. Usirudie."

Alisema kweli. Rubisi ni pombe yetu ya ndizi. Hakuna posa wala harusi inayokwenda bila madumu yake, na hakuna dumu lisilomwaga kwenye barabara zile. Lakini nilikuwa kijana, na wateja walikuwa wameanza kuniulizia ile dawa ya kelele. Mbele yake niliacha, nyuma yake nikaendelea. Mmoja wa walioipata alikuwa Mwalimu aliyefundisha pale Nkwenda, mtu mpole aliyesema barabara zote zimekuwa lami. Nilivimba kichwa kiasi kwamba siku moja nikaweka gamba hata kwenye gari la Bibi Msimamizi mwenyewe, kufuli la kushoto, nikipanga kumwambia baada ya miaka kadhaa kwamba ameliendesha bila kugundua. Nikahama kabla sijapata ujasiri wa kumwambia. Naona aibu kuandika haya, lakini nimeahidi kusimulia kazi jinsi ilivyokuwa.

Nilifungua gereji yangu Omurushaka na miaka ikaenda vizuri. Nilipata vipuri vya kutosha, nikaacha mambo ya magamba, nikayasahau kabisa.

Mwaka ule nilipokuwa nimeanza kuzungumzia kustaafu, asubuhi moja simu ikaita. Alikuwa Mwalimu, ambaye naye alikuwa amestaafu na kurudi kwao Nyakakika. Mke wake, Ma Kokugonza, alikuwa ameteleza kibanjani akichuma kahawa na nyonga ilikuwa imevunjika. Hakuweza kukaa, ilibidi alazwe chali mpaka hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mbali upande mwingine. Stesheni yake ilikuwepo uani, ileile ya zamani, lakini viti vya nyuma vilikataa kulala. Akaniambia ameshika mtaimbo. Nikamsihi auweke chini, asivute chochote, nikarukia bodaboda.

Nilikuta majirani wamejaa uani. Vijana walikuwa wameandaa machela ya fito na blanketi, tayari kumbeba begani hadi barabara kubwa, nami nilijua milima ile na nilijua nyonga iliyovunjika ingekuwaje baada ya saa mbili za kutikiswa. Ma Kokugonza alikuwa amelazwa kwenye godoro sebuleni, uso umemtoka jasho. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kama nimekuja kutengeneza gari au yeye. Sauti yake ilitetemeka katikati ya utani, nami nikaharakisha kwenda kwenye gari.

Nikaweka bega. Nikasukuma, nikavuta. Upande wa kulia ukalala. Wa kushoto haukusogea hata nywele. Nikazunguka nyuma, nikabandua plastiki, nikaingiza pua kabla ya bisibisi, na harufu ikanipiga: rubisi ya zamani, tamu na chachu, iliyokauka kama gundi. Mafuta ya taa hayafui dafu kwa sukari. Nikaomba chupa ya chai. Wakaniletea maji ya moto, nikayamimina kwenye kufuli polepole, nikasubiri, nikamimina tena. Mwalimu alisimama pembeni akishikilia kofia yake kwa mikono miwili, haniharakishi, na hilo lilikuwa gumu kuvumilia kuliko kelele.

Nikasukuma tena kwa bega, nikavuta. Ndoano ikaachia. Kiti kikalala, wakampitisha Ma Kokugonza na godoro lake moja kwa moja ndani, akalala amenyooka. Wakati wanaweka mto chini ya magoti yake nilichungulia kufuli nijue kilichokwama. Kitu cheusi, kimevimba, kigumu kama mfupa, kimekizunguka kidole. Nikakitoa kwa plaizi. Kilikuwa na mizunguko miwili, na ncha imerudishwa ndani.

Nikakitia mfukoni. Mwalimu akanishika mkono mbele ya watu wote akasema wamwone fundi, huyu ndiye fundi, wengine wangevunja gari. Majirani wakanipigia makofi. Nilipanda bodaboda kurudi nikiwa sitaki mtu yeyote aniangalie.

Daktari alifanya kazi yake na nyonga ikaungwa. Siku kumi nzima lile gamba lilikaa kwenye droo yangu ya bisibisi, na kila nilipofungua droo nililiona. Ningeweza kulichoma na hakuna mtu angejua. Niliishi umri wote ule nikiitwa mtu makini, na nilitaka kustaafu na jina hilo, siwezi kudanganya. Siku ya kumi na moja nikalifunga kwenye leso nikaenda hospitali.

Niliwakuta wote wawili. Nikaliweka gamba juu ya shuka nikawaeleza kila kitu, pamoja na katazo la Bibi Msimamizi. Ma Kokugonza akalichukua akalichunguza kama mtu anayechagua kahawa, akajaribu kulifungua kwa kucha, likamshinda. Akasema fundo lenyewe halina kosa. Mwalimu hakucheka. Alitazama dirishani, halafu akaniita kwa jina akauliza swali moja.

"Na magari mengine, Ta Muganyizi?"

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa gari moja, wala sikuwa nimefikiri hata kidogo kwamba yako mengine barabarani, na kwamba katika kila moja kuna siku mtu atahitaji kulazwa.

Kwa hiyo mwaka wangu wa mwisho wa kazi sikutengeneza magari mapya. Niliyatafuta ya zamani. Nilikwenda Bweranyange, nilikwenda Ihanda, nilizunguka vijiji vya Kyerwa kwa bodaboda na mfuko wenye bisibisi, plaizi, grisi na chupa ya maji ya moto. Magari mengine yalishakuwa vyuma chakavu, kuku wanatagia ndani, na hata humo nilikagua. Kila mahali nilisema ukweli: nimekuja kutoa kitu nilichokiweka mwenyewe. Niliogopa matusi. Mzee mmoja tu wa Bweranyange alinifokea, kisha akanipa mkungu wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, niondoke nao. Wengi walinikaribisha, wakaniuliza habari za watoto, wakanionyesha na mlango usiofunga vizuri. Nakiri kwamba katika kazi yote ile sikuwahi kufurahi kama mwaka huo.

Sasa nimestaafu, napalilia migomba yangu, na vijana wanaponiuliza siri ya kazi yetu natamani niwe na siri. Magari ya siku hizi yana viti vinavyolala kwa kubonyeza kitufe, nayo yatakwama tu, kwa sababu watu bado wanatafuna kahawa ndani yake. Mtasukuma kwanza, ndipo mvute. Na kifaa mlichokiweka ndani ya kufuli la mtu, kikumbukeni mahali kilipo.

Gari la mwisho lilikuwa la Bibi Msimamizi. Nililiacha la mwisho kwa makusudi, na msomaji anajua kwa nini. Nilimkuta Nkwenda nyumbani kwake, amezeeka, gambuti bado miguuni. Nikamwamkia, nikasema nimekuja kutazama kiti cha gari lake. Alinyoosha fimbo kuelekea bandani.

Nikaweka bega kwenye mgongo wa kiti, upande wa kushoto. Nikasukuma, nikavuta, kikalala bila shida. Nikainama nikamulika. Kidole kilikuwa kisafi, kimepakwa grisi mpya, hakuna gamba. Nilibaki nimeinama, kwa sababu nilijua ameshasimama nyuma yangu, bila kukohoa.

"Nililitoa wiki ile ile," akasema.

Nikamuuliza, bila kugeuka, kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Ningekuvuta ungebana. Nikasema nikuache, utakuja mwenyewe."

Nikasema nimechelewa sana. Akakubali kwamba nimechelewa. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Kisha akakinyanyua kiti, kikajifunga kwa mlio mmoja safi, akaniambia nikae, na akaniwekea kiganjani akamwani tatu. Nikakaa palepale kwenye kiti cha nyuma, mlango ukiwa wazi, nikazitafuna moja moja, nikichunga isidondoke hata moja.