Sheria Tuliyoiandika Tumekalia Matofali

Sheria ya kuni ya kijiji chetu, upande wa Suguti, iliandikwa na watu watano ambao hawakutumwa na yeyote. Sabuni ilikuwa imeanza kurudi madukani baada ya miaka ya uhaba, na magari ya barafu yalifika hadi mwaloni, pale mitumbwi ya ziwani inapotia nanga, kununua sangara. Samaki aliyekataliwa na wanunuzi, mama zetu walimkausha kwa moshi, kwa sababu sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama dagaa. Moshi unataka kuni. Mlima wetu ukaanza kuonyesha mawe, na kisima cha chini yake kikawa cha kubembelezwa ndipo kitoe maji.

Katekista wa kigango chetu, kanisa dogo lisilo na padre wake, ndiye aliyesema tusingoje serikali. Tuandike wenyewe sheria ndogo, mkutano wa kijiji uipigie kura, kisha ipelekwe halmashauri Musoma. Alimchukua mzee mmoja aliyepunguzwa kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha pamba Bunda, mtu mwenye Kiswahili cha ofisini cha kutisha. Akachukua wakulima wawili waliokubaliana na kila kitu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri barua ya chuo cha ualimu, na nilikuwa na mwandiko mzuri. Nikafanywa mwandishi, nikajiona waziri.

Tulikutana kila Jumapili baada ya ibada. Ndani ya kigango kulikuwa na joto, kwa hiyo tulikaa nje, juu ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa kungoja ujenzi wa kanisa jipya. Karatasi zilikuwa adimu, nikaandika nyuma ya fomu kuukuu za pamba za yule karani. Wazo letu lilikuwa jepesi: anayechoma alipe kwa miti. Kila mara mtu akichoma mkaa au akikausha samaki, apande miche kumi ya mijohoro mlimani na kuitunza mpaka ishike.

Kifungu cha samaki kilinisumbua. Mama yangu alikuwa mjane, na chanja lake la kukaushia samaki ndilo lililonisomesha. Wadogo zangu wawili walikuwa bado shuleni. Alikuwa akikausha karibu kila siku, na kwa kifungu kile angeshinda mlimani na jembe huku samaki wakiozea nyumbani. Nilijua hivyo, na bado nikaandika, kwa mwandiko uleule mzuri. Jioni aliniuliza, "Mnaandikaga nini huko?"

"Mambo ya mazingira, mama," nikamjibu. Mambo ya mazingira! Najionea haya hadi leo.

Siku ya mkutano nilisimama mbele ya kijiji kizima nikasoma kifungu kwa kifungu. Nilipomaliza, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Mama akanyanyuka, kanga imefungwa kiunoni.

"Mwanangu, umesoma vizuri. Sasa nisomee pale palipoandikwa matofali."

Nikapekua karatasi zote. Matofali hayakuwamo.

"Tanuru moja la matofali linamezaga magogo mangapi? Mimi mwezi mzima sifikii. Na ninyi mmeyakalia Jumapili zote, mnaandika kwamba sisi ndio tunamalizaga miti. Hamkuungua?"

Wanawake waliangua kicheko. Methali ya nyani na kundule nilikuwa naijua vizuri, ila siku ile nyani nilikuwa mimi.

Karani alijaribu kutuokoa. "Mama, yale ni ya kanisa, siyo ya biashara."

"Mti unajuaga hilo?" mama akamuuliza.

Hapo kelele zikazuka. Mmoja akasema tuichane, mwingine akasema alijua tangu mwanzo kwamba ni njama ya kuwaonea wanawake. Nilimtazama katekista na kuogopa, maana alikuwa mwepesi wa hasira na kanisa lile lilikuwa ndoto yake. Aliinuka, akanigeukia.

"Andika," alisema. "Kifungu cha kwanza, matofali. Na wa kwanza kulipa ni kigango chetu."

Nikaandika palepale, nimesimama. Mwenyekiti alipoita kura, mikono ilinyanyuka mingi kuliko nilivyotegemea. Nikautafuta wa mama. Ulikuwa juu.

Karani alikwenda Musoma mara mbili na karatasi zetu, akarudi na ahadi. Hatukuzingoja. Mvua zilipoanza, kigango kizima kilipanda mlima na miche, katekista mbele, suruali imekunjwa magotini. Mama alikuja na kumi yake ya kwanza kwenye beseni la samaki. Nilimfuata pembeni nikamwambia ukweli, kwamba nilijua kifungu kile kingemuumiza, na nikakiandika.

"Najua," alisema. "Nilikusikia ulivyosoma mbiombio pale kwenye samaki."

Nikaanza kulia. Akaliweka beseni chini.

"Mimi sikukataa kulipa, mwanangu. Nilikataa kulipa peke yangu." Kisha akanipa jembe. "Na wewe uliyeandika, chimba."

Mijohoro ile ipo hadi leo, na wanaokausha samaki siku hizi hukata matawi yake tu. Siku ile nilichimba mashimo yote kumi ya mama mpaka viganja vikatoka malengelenge, na yeye akawa ananifuata nyuma, anashindilia udongo kwa kisigino.