Nyambizi Iliyonukia Iliki

Bibi yangu, Bi Alawiya wa mtaa wa Shika Adabu, amekaanga mahamri mlangoni pake tangu kabla mamangu hajazaliwa. Wateja wake huanza kupiga hodi mara tu baada ya sala ya alfajiri. Ana ulimi mkali na mkono mwepesi wa iliki. Aliolewa mama mkwe wake keshafariki, na jambo hilo hulihesabu kuwa bahati ya kwanza ya ndoa yake. Bahati ya pili hajaitaja mpaka leo, na babu hathubutu kumuuliza.

Babu yangu, Mzee Barakat, ana maradhi mamoja tu: nyambizi. Wakati wa vita vya Wajapani, babake, marehemu Ismail, alikuwa mpishi katika manowari ya Waingereza iliyotia nanga Kilindini. Siku moja manowari mbili zilitoka kwenda kuwinda nyambizi ya adui iliyokuwa ikizamisha meli za mizigo. Zikazunguka kutwa nzima zikitupa mapipa ya mabomu majini, hadi mafuta yakaelea juu na kila mtu akajua kuwa adui amekwisha. Manowari iliyoizamisha, kwa mujibu wa babu, ni ya babake.

Ningemwachia nyambizi yake alale nayo, lau si Mzee Zuhair wa Kisauni. Babake Zuhair alikuwa katika manowari ile ya pili, kazi yake kukaa juu na kuchungulia bahari. Wazee hawa wawili walikutana matangani miaka mingi iliyopita, kila mmoja akaisimulia nyambizi yake, na maiti wa watu karibu asahauliwe. Tangu siku hiyo babu husema manowari ya kina Zuhair ilikuwa ikivutwa nyuma kama mkokoteni. Zuhair naye husema manowari ya kina Barakat haikuzamisha kitu isipokuwa masufuria yake yenyewe.

Sasa angalia mkosi wangu. Katika vijana wote wa Mombasa, nikampenda Anis, anayefanya kazi stesheni ya reli Miritini, mpole, mcheshi, na mjukuu wa Zuhair.

Babake Anis hayupo duniani, kwa hiyo posa ilikuwa lazima iletwe na Mzee Zuhair. Baba yangu yuko kazini Maskati, naye alimwachia babu uamuzi wote. Walipokuja mara ya kwanza, nilikuwa nyuma ya pazia na bibi, kama ilivyo ada, roho iko mkononi. Zuhair alisalimu vizuri, akakaa, akakohoa, kisha akasema yuko tayari kuniposa mara tu Barakat atakapokiri ni nani aliyezamisha nyambizi. Babu akamwambia mlango ni ule ule alioingilia. Mahamri hayakuguswa.

Nililia siku hiyo, kisha nikakasirika, kwa sababu hasira kwangu hudumu kuliko machozi. Wazee wawili wamegombania chuma kilichooza baharini, na mimi ndiye nikose mume! Milcah, jirani yetu aliyetoka bara, alikuja asubuhi kununua mahamri akaniona macho yamevimba. Nikamweleza.

"Lakini hiyo vita si iliisha kitambo?" akauliza.

"Huku kwetu bado," nikamjibu.

Anis aliniletea habari mbaya zaidi. Babu yake alikuwa amemtafutia mjukuu wa rafiki yake wa Malindi, msichana wa adabu, na familia yao haikuwahi kupanda manowari yoyote. Anis alimwangukia miguuni akamwomba waje kwetu mara moja tu tena. Mzee akakubali, lakini alisema hiyo ndiyo ya mwisho, na ikishindikana watakwenda Malindi. Nilimweleza bibi haya yote akiwa anakanda unga. Aliongeza iliki.

Ijumaa alasiri wakaja. Bibi akanivuta nyuma ya pazia, akaketi juu ya kigoda karibu kabisa na kitambaa. Sebuleni salamu zilikwenda, hali zikaulizwa, kahawa ikamiminwa. Nikaona kwenye upenyo wa pazia babu anamtazama Zuhair, Zuhair anaitazama dari, na Anis anatazama vidole vya miguu yake.

"Barakat," akaanza Zuhair, "mimi si mtu wa makuu. Neno moja tu lanitosha."

"Neno hilo hulipati," akasema babu.

Hapo pazia likazungumza.

"Bwana Zuhair, samahani nawaingilia," akasema bibi, sauti tulivu kama anayeagiza chumvi. "Mna habari kuwa siku ile ilikuwa Idi?"

Hakuna aliyekuwa na habari. Wanaume wote watatu waligeuka kulitazama pazia.

"Ilikuwa Idi. Marehemu Ismail alikuwa akiwakaangia mabaharia Waislamu mahamri. Karai liko motoni, mara kengele ya vita ikalia, amri ikatoka kila moto uzimwe. Masikini akababaika. Karai lina mafuta tele yanachemka, na mzungu wake yuaja. Akayamwaga baharini yote."

Zuhair akaegemea mbele juu ya bakora yake.

"Nyuma yao yaja manowari ya pili. Juu yake yuko marehemu babako, Bwana Zuhair, na mato yake yalikuwa makali kuona, sote twajua. Akayaona mafuta yang'aa juu ya maji. Akapiga ukelele. Mapipa yakatupwa, bahari ikachafuka, samaki wakaelea. Mzungu mmoja akateka ndoo ya yale maji akainusa. Akasema hawa Wajapani mafuta yao yanukia vizuri. Ni iliki ile."

"Nani kakwambia haya?" akauliza Zuhair.

"Mama mkwe wangu. Alinambia kwa kinywa chake."

Nilimtazama bibi. Alikuwa amenyoosha uso kama yuko mbele ya kadhi. Kisha nikachungulia, nikamwona babu. Kinywa chake kilifunguka. Mtu mmoja tu sebuleni mle alijua mamake alifariki mwaka gani, na neno lake moja lingetosha kunipeleka ujane kabla ya harusi.

Babu akafunga kinywa.

Zuhair alikuwa akifikiri, kidevu juu ya bakora. "Kwa hivyo," akasema polepole, "mafuta ni ya babako."

"Na mato ni ya babako," akasema babu, kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino.

"Bila mafuta, angeona nini."

"Na bila mato, mafuta yangemfaa nani."

"Lakini basi," akasema Anis wangu, ambaye Mungu alimpa kila kitu ila kujua wakati wa kunyamaza, "nyambizi yenyewe ilikuwapo?"

Wazee wote wawili walimgeukia.

"Ilizama," wakasema kwa pamoja.

Na hapo hapo Mzee Zuhair akaweka kikombe chini, akaniposa kwa maneno mazuri mpaka bibi akafuta jicho. Sinia la mahamri likarudi jikoni tupu.

Wageni walipoondoka, babu alikuja jikoni, mahali ambapo huonekana mara chache. Akaketi juu ya kile kigoda. Nilidhani sasa kuna ugomvi. Maisha yake yote aliibeba nyambizi ile peke yake, na leo alikuwa amempa mtu wa Kisauni nusu yake, kwa ajili yangu. Nilimpenda babu jioni ile kuliko nilivyowahi kumpenda, nikamwambia hivyo hivyo. Alikuwa akimtazama bibi.

"Mamangu," akasema mwishowe, "hakuwa mtu wa kusema urongo."

"Hata kidogo," akasema bibi, akimmiminia chai.

Babu akachukua hamri, akalinusa kwanza, akalichovya.