Nyoka wa Mlango wa Zahanati

Sisi tuliokulia Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, wakati bendera ya Wafaransa bado inapepea, tuliishi katika kisiwa chenye nyoka wembamba wasioweza kumdhuru hata kuku. Hilo halikutuzuia kuogopa. Koko, bibi yetu mzaa mama, alitueleza kwamba kule kisiwa cha Ngazidja, chini ya mlima Karthala, amelala nyoka mwenye vichwa saba, na akigeuza ubavu ndipo mlima unapotema moto. Tulipokwenda likizo Moroni, mji wa huko, nilikanyaga ardhi kwa adabu, nisije nikamwamsha. Watoto wa leo ukiwasimulia hayo wanatoa simu, wanakuonyesha picha ya volkano, kisha wanakuhurumia.

Ajabu ni kwamba Koko huyohuyo aliweka chini ya kitanda chupa ya mafuta ya chatu, aliyoinunua Moroni kwa mfanyabiashara aliyetoka Unguja. Goti likiuma, chatu. Sikio likiuma, chatu. Yalinuka kama samaki aliyesahauliwa juani, na tukienda chuoni tumepakwa, fundi wetu wa Kurani alitukalisha dirishani. Nyoka wa chupa alikuwa dawa. Nyoka wa kuchorwa alikuwa jini.

Taabu ilianzia hapo, maana zahanati ya Wafaransa, njia ya bandarini, ilikuwa na kibao juu ya mlango: nyoka kajizungusha kwenye fimbo. Mdogo wangu Zaituni alipopatwa na homa, akapakwa chatu kutwa nzima na bado akawa anaweweseka, baba alitaka apelekwe huko. Koko akakataa.

"Mtoto wa nyumba hii hapiti chini ya jini."

Na nyumba ilikuwa yake kweli. Kwetu mwanamume huhamia kwa mkewe, kwa hiyo baba, karani wa serikali mwenye tai na Kifaransa cha kutosha, mle ndani alikuwa mgeni. Alikwenda kukaa barazani, akawa anatuma hasira zake kupitia kwa mama.

Zaituni alipoacha kunywa maji, mama alichukua shiromani, ile nguo wanayojitanda wanawake wa Ndzuani, akamwambia Koko, "Basi tutamfunika." Aliazima ngazi, akapanda mbele ya makuli wa bandari, akamvika nguo nyoka wa serikali. Koko akapita na mtoto mgongoni. Daktari alipouliza, muuguzi, mtu wa Mirontsy, mji jirani, alimjibu kwamba ndiyo heshima ya mji. Daktari akashukuru.

Sindano zilikuwa za kurudia. Kesho yake upepo ulikuwa umeipeperusha shiromani, na ngazi haikuwepo. Nilikuwa nimeshika nguo ya Koko. Aliinua macho, akamwona nyoka yule waziwazi. Kisha alivuta upindo wa shiromani yake akamfunika Zaituni uso. Wake mwenyewe akauacha wazi, akapita.

Zaituni alipona, na sasa ni bibi mwenye maneno mengi. Wajukuu wetu huingia maduka ya dawa ya Moroni bila kumtazama nyoka aliyechorwa juu ya mlango. Hawaogopi kitu, nami nawasifu. Nikiugua hunishusha mlangoni pa hospitali na kuniambia niwapigie nikimaliza, kisha gari linaondoka. Hapo namkumbuka Koko, na moyo unaniuma. Hadi anakufa aliamini kwamba jini lile lilimwona uso, na kwamba maradhi yake yote ya uzeeni yalitoka pale mlangoni. Hilo Koko hakuwahi kumwambia Zaituni.