Bangalo la Bibi

Kila nikinusa rangi mbichi ya ukutani, namwona bibi amesimama mlangoni mwa nyumba mpya kule Machame, hataki kuingia.

“Bangalo ndiyo nini?” alimuuliza baba.

“Ni nyumba ya chini, mama, haina ngazi. Nimekujengea upumzike.”

“Na ng'ombe wangu atalala wapi?”

Maisha yake yote alilala nyumba moja na ng'ombe wake, wakipashana joto. Baba alicheka, akamuuza ng'ombe, tukarudi mjini.

Krismasi iliyofuata tulikuta kitanda cha bangaloni hakijalaliwa. Bibi alikuwa amefia kwenye kibanda chake cha zamani, upande wa ng'ombe, juu ya majani makavu ya migomba.

Tulimwingiza bangaloni ndani ya jeneza. Kweli, hapakuwa na ngazi hata moja.